Watoto Utamwachia Nani?



Juma lililopita mama msimamizi wa gazeti aliniomba niandike juu ya wanawake wanaoongoza vyuo vikuu. Aliniambia: "Mama Mwalimu, wewe umefundisha miaka zaidi ya 30, unajua mambo ya huko." Nikamjibu kwamba mimi si rekta wala si sekretari mkuu. Mimi ni shefu wa kazi, C.T. kama tunavyosema wote, na nitastaafu nikiwa C.T. Akacheka, akasema: "Basi tuambie kwa nini."

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Nimeamua kulijibu kwa kweli, ingawa jibu lina aibu yangu ndani.

Kwa wale ambao hawakupita huko, nieleze kwanza ngazi yenyewe. Kijana akimaliza masomo na alama nzuri anaweza kuchukuliwa kuwa asistanti. Akifanya kazi vizuri na kuandika kidogo, anapanda kuwa C.T. Hapo ndipo ukuta ulipo. Ili upite uwe profesa ni lazima uwe na udaktari, na udaktari unaomba miaka 4, 5, hata 7, na mara nyingi unaomba kuondoka Bukavu. Ukishaupata unakuwa profesa mshiriki, halafu profesa, halafu profesa ordineri, na kila ngazi ina miaka yake na maandiko yake. Rekta, sekretari mkuu wa masomo, doyeni wa fakulte, hao wanatafutwa kati ya maprofesa. Hakuna anayekwenda kumtafuta kati ya ma-C.T.

Kwa hiyo siku ile waziri anapoweka sahihi na majina ya komite mpya yanasomwa, sisi tunasikiliza kwenye redio na kuuliza: "Kwani wanawake wako wapi?" Lakini orodha ile ilikwisha kuandikwa miaka 20 nyuma. Iliandikwa jikoni, iliandikwa kwenye mikutano ya familia, iliandikwa siku mama mmoja mwenye mtoto wa kunyonya alipoulizwa swali moja tu. Nitawaambia swali hilo, maana mimi niliulizwa.

Nilipokuwa msichana, aliyetaka chuo kikuu kamili alipaswa kutoka hapa aende Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. UCB ilianza mwaka 1989, UEA mwaka 1991, UOB mwaka 1993. Mimi nilisomea Kisangani. Baba yangu aliuza ng'ombe wawili, na wajomba wakamuuliza kama amerukwa na akili, kuuza ng'ombe kwa ajili ya msichana wakati ng'ombe wanapaswa kuingia kwa njia ya msichana. Nilimaliza mwaka 1992. Mwaka uliofuata nilianza kuwa asistanti katika taasisi moja ya hapa mjini. Mwaka 1994 nikazaa binti yangu mkubwa. Oktoba 1996, vita ilipoingia Bukavu, nilikimbia naye mgongoni, na katika mfuko nilikuwa na nepi zake na diploma yangu. Bwana yangu alinicheka baadaye kwa sababu nilisahau chumvi na sufuria. Lakini diploma sikuisahau.

Mwaka 2005 nilikuwa nimekwisha kuwa C.T. Ikaja barua: burse ya kwenda Kinshasa kwa masomo ya ngazi ya tatu, miaka miwili kwanza, halafu mlango wa udaktari. Tulikuwa wawili tuliochaguliwa katika taasisi yetu, mimi na mwenzangu mwanaume. Yeye alikuwa na watoto watano. Mimi nilikuwa na wanne, na wa mwisho alikuwa na miezi 11.

Mnajua Kinshasa si Uvira. Kutoka hapa hakuna barabara ya kukufikisha. Wakati ule ilikuwa ni ndege ya Kavumu, na ndege ilikuwa dolari ambazo mwalimu hakuwa nazo. Ukienda, umekwenda.

Sitamsema vibaya bwana yangu, ni mtu mwema na angali hai, na atasoma gazeti hili. Hakunikataza. Alikaa kimya siku tatu, halafu akaniuliza: "Na watoto utamwachia nani?" Nikaenda kwa mama mkwe. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza: "Na watoto utamwachia nani?" Nikaenda kwa padri wetu kuomba shauri. Alinipongeza sana, akasema Mungu ashukuriwe, halafu akauliza lile lile. Hata mkubwa wangu wa kazi, siku nilipokwenda kuchukua karatasi za kujaza, alinitazama juu ya miwani akasema: "Lakini mama, na watoto?"

Mwenzangu mwanaume alikwenda. Juma lile lile alipanda ndege. Watoto wake watano walibaki na mama yao, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza atawaachia nani. Simlaumu. Yeye leo ni profesa, na amekuwa katika komite ya usimamizi. Mwanaume akisafiri kwa masomo, watoto wana mama. Mwanamke akisafiri kwa masomo, watoto hao hao wamekuwa yatima.

Niongeze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Wakati ule sheria ya familia ya mwaka 1987 ilikuwa ingali inatawala, na kifungu cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Ilibadilishwa mwaka 2016. Yaani mwanamke aliweza kusahihisha mitihani ya vijana 200 wanaume, lakini mkataba wake mwenyewe uliomba mkono wa bwana nyumbani.

Hata hivyo nisijifiche nyuma ya sheria. Mwisho wa mwezi niliandika barua kwa mkono wangu: "Ninajitoa kwa sababu za kifamilia." Barua hiyo bado iko katika faili yangu. Mtu yeyote akija leo kufanya uchunguzi kwa nini wanawake ni wachache juu, atafungua faili yangu na kuona kwamba hakuna aliyenizuia. Nilijitoa mwenyewe. Kila mtu yuko safi, na sahihi ni yangu.

Wamama, msidhani kwamba baada ya hapo nililia miaka 20. Nilifundisha, nilizaa wa tano, nilipika, nilicheka. Lakini mtu anayebaki chini ya ngazi anaona mambo mengi, maana wote wanapita juu ya kichwa chake. Katika baraza letu la sekisheni kulikuwa na wanaume 17 na sisi wawili. Kila mkutano ukianza, mtu alisema: "Mama atuandikie ripoti." Kukiwa na utetezi wa kazi ya mwanafunzi, sisi tulipewa kushughulikia vinywaji na sambusa. Kukiwa na kilio, sisi tuliongoza michango. Sijawahi kuona mwanaume mwenye cheo changu akihesabu chupa za Fanta. Na mikutano mikubwa ya kuamua alama za mwisho wa mwaka ilianza saa kumi jioni, ikaisha usiku, wakati hakuna umeme na pikipiki zinaogopa kupanda Karhale. Nani anaweza kukaa mpaka saa ile? Yule ambaye bugali yake inapikwa na mwingine.

Halafu mwaka mmoja mkuu wa sekisheni yetu aliugua, na kwa miezi minne niliwekwa mimi nishike nafasi yake. Miezi minne tu. Siku ya kwanza nilisikia kwenye ngazi: "Sijui amempa nini mkurugenzi." Nilikuwa na miaka 46 na watoto watano, na magoti yanauma. Nilicheka sana kwa hasira.

Katika miezi hiyo minne nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilihamisha mkutano wa alama kutoka jioni hadi saa mbili asubuhi. Watu walinung'unika, halafu wakaona kwamba hata wao wanafika nyumbani mapema, wakanyamaza. La pili ni la msichana mmoja aliyejifungua siku nne kabla ya mitihani. Kufuatana na kanuni alikuwa amepoteza mwaka mzima, na minervali ya mwaka mzima ambayo mama yake aliikusanya kwa kuuza sambaza sokoni. Nilisoma kanuni zote mpaka nikaona kifungu kinachoruhusu kikao cha pili kwa mwenye karatasi ya mganga. Kifungu kilikuwa hapo miaka yote. Hakuna aliyekuwa amekitafuta, kwa sababu hakuna kati ya wale waliokaa kwenye kiti kile aliyewahi kuzaa.

Kuna jambo la tatu, nalo halikuwa tendo langu. Lilikuja lenyewe. Juma la pili wasichana walianza kubisha mlangoni. Mmoja, halafu wengine wawili. Mnajua wanachokisema vijana juu ya "pointi" zinazopatikana chumbani. Wanalisema kwa kuchekesha, lakini msichana anayeombwa jambo hilo na mwalimu wake hacheki. Walikuja kwangu kwa sababu kwenye kiti kulikuwa na mama. Mmoja niliweza kumsaidia, mtihani wake ukasahihishwa na mwalimu mwingine. Kwa wengine miezi minne iliisha kabla sijafika popote. Mkuu alipona, akarudi, nikarudisha funguo. Mlango uleule, na sikuona tena msichana hata mmoja akibisha.

Ndipo nilipoelewa kwamba cheo si heshima ya mtu mmoja ya kupigiwa vigelegele kanisani. Nilipoandika ile barua mwaka 2005 nilidhani ninapoteza kitu changu. Kumbe kulikuwa na watoto wa watu wengine ndani yake.

Lakini nisiwadanganye. Mwanamke akipanda, si kila mara mlango unafunguka. Nimemjua mmoja mwenye cheo kikubwa aliyewaambia wanawake wenzake wazi: "Mimi niliteseka, nanyi mteseke kwanza." Mtu akipanda peke yake, anaweza kufika juu akiwa na ugumu wa waliomzuia. Ndiyo maana mmoja hatoshi.

Tuangalie pia wale waliotutangulia, maana njia hii si mpya. Chuo Kikuu cha Lovanium kule Kinshasa kilifunguliwa mwaka 1954. Ilichukua miaka 10 mpaka mwanamke Mkongomani wa kwanza, Sophie Kanza, apate diploma yake ya sosiolojia, mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, 1966, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Ndugu yake Thomas alikuwa amemaliza chuo kikuu kule Ubelgiji mwaka 1956, kati ya Wakongomani wa kwanza kabisa. Nyumba moja, baba mmoja, Daniel Kanza, na kati ya mvulana na msichana miaka minane. Huwa ninawaza: siku Sophie alipotaka kusoma, ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu aliyesema "ndiyo". Bila ndiyo ile Lovanium ingefungua milango yake yote na yeye asingepita hata mmoja.

Kwa jirani zetu Uganda, Makerere ilianza mwaka 1922, na wasichana wa kwanza wakaingia mwaka 1945. Tangu 1945 hesabuni mpaka 2007, ndipo Profesa Mary Okwakol, mtaalamu wa wanyama, alipowekwa kuongoza Chuo Kikuu cha Busitema, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha serikali nchini humo. Ni miaka 62. Kenya walitangulia kidogo: Profesa Olive Mugenda aliongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2006 mpaka 2016.

Na yuko Wangari Maathai, ambaye ninyi mnamjua kwa miti. Kabla ya miti alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1971 alipata udaktari Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuupata, na wakati huo alikuwa mama wa mtoto mdogo. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara ya anatomia ya wanyama. Lakini chuo kilikuwa kinawapa wanawake waalimu marupurupu pungufu, ya nyumba na ya matibabu, kwa kufikiri kwamba mwanamke anatunzwa na bwana yake. Yeye na rafiki yake Vertistine Mbaya walisimama kudai haki sawa, wakati wenzao wengi waliogopa, wengine kwa sababu waume zao walifanya kazi hapo hapo. Ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Zawadi ya Nobel ya mwaka 2004 ilimkuta mbali na chuo kikuu. Nikisoma maisha yake ninamheshimu, lakini pia ninaogopa. Je, tunataka kila binti yetu anayepanda alipe bei hiyo? Au tunaweza kuipunguza bei?

Kwetu karatasi ni nzuri. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inasema juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika mamlaka. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 imerudia jambo hilo. Mwaka 2024 tumemwona Mama Judith Suminwa akiwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza, na katika serikali yake wizara ya vyuo vikuu ikapewa mwanamke, Profesa Marie-Thérèse Sombo. Tulipiga vigelegele, na ilifaa. Lakini waziri, hata akiwa mama, akitaka kuweka wanawake kwenye komite za vyuo, atawatoa wapi? Atafungua orodha ya maprofesa. Atakutana na faili zetu zenye barua za kujitoa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Binti yangu mkubwa, yule niliyekimbia naye mgongoni, sasa ana miaka 30. Ni asistanti katika chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, katika mambo ya kilimo. Ameolewa, ana mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi miwili. Miezi michache iliyopita alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa. Nilikuwa ninasonga bugali. Akasimama mlangoni pa jiko akaniambia: "Mama, wamenikubali. Udaktari, Ubelgiji. Ni miaka 4, miezi sita huko na miezi sita hapa, shambani Kabare na Walungu."

Wamama, ninyi mnajua hadithi yangu sasa. Mngefikiri nilitupa mwiko nikamkumbatia. Mnajua nilisema nini? Bado nikiwa na mwiko mkononi, nilisikia mdomo wangu ukisema: "Na mtoto utamwachia nani?"

Alinitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali akasirike. Alisema polepole: "Mama, kwa mama mkwe nilitazamia swali hilo. Kwako nilikuja kutafuta jibu."

Bugali iliungua siku ile. Tulikula hivyo hivyo.

Usiku sikulala. Nilikuwa ninasikia sauti ya mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, ikitoka katika koo langu. Nilimchukia kidogo kwa miaka mingi kwa ajili ya swali lile, na sasa nilimwelewa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka. Alikuwa amelea watoto wanane, na nilipomletea habari ya burse alisikia tu kwamba ataanza tena kufua nepi. Hakuna aliyekaa naye chini tukapanga: wewe siku hizi, dada yangu siku hizi, baba yao usiku, na pesa kidogo za burse zilipe msichana wa kusaidia. Tuliuliza swali, na kila mmoja akangoja jibu lianguke kutoka mbinguni. Halikuanguka, nami nikaandika barua.

Asubuhi nilimwamsha bwana yangu nikamwambia: "Mtoto atabaki kwetu." Alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Mwaka ule ningepaswa kusema hivyo mimi." Tumeoana miaka 31, na hiyo ni mara ya kwanza tulizungumza jambo hilo.

Tukawaita wakwe zetu. Tulikaa meza moja, wazazi wa pande mbili, binti yetu na bwana yake. Tuliandika kwenye karatasi, kama tunavyoandika likelemba. Jumatatu mpaka Alhamisi mtoto ni kwangu. Ijumaa jioni baba yake anamchukua, anakaa naye mpaka Jumapili, na anampikia mwenyewe uji wa masoso. Mama yake alicheka, lakini amejifunza. Mama mkwe wa binti yangu alisema hawezi kulala na mtoto kwa sababu ya presha yake, lakini atakuja Jumatano mchana ili mimi nikafundishe. Kila jioni mama wa mtoto anaonekana kwenye simu, mtandao ukikubali. Na kila mwezi anaweka kiasi cha burse kwa maziwa na mganga.

Si rahisi, nisiwadanganye. Mwezi wa kwanza mtoto alilia sana usiku, nami nilijiuliza tumefanya nini. Magoti yangu hayapendi kuinama kwenye beseni. Nimeacha masomo ya jioni niliyokuwa ninafundisha kwa faranga za ziada. Kuna mama mmoja wa mtaa wetu aliyeniambia barabarani: "Siku hizi watoto wanazaliwa na kutupwa kwa manyanya." Sikumjibu. Kisha wiki mbili baadaye akaniletea ndizi za mtoto.

Ninayaandika haya ili niwaombe jambo moja, wamama wa chama chetu. Sisi tunajua kupanga. Kukiwa na kilio, kabla jua halijazama tumekwisha kujua nani analeta maharagwe, nani analeta kuni, nani analala na mjane. Kukiwa na arusi, tunachangia vitenge vya watu 60. Lakini msichana wetu akipata nafasi ya kusoma mpaka juu, kila mmoja anamwachia yeye na mama yake. Kwa nini tusiliweke katika likelemba yetu? Kila kundi liulize: kati ya binti zetu na wakaza wana wetu, kuna nani aliye asistanti, aliye na burse, anayeandika kazi yake usiku na mtoto kifuani? Tuweke siku zake kwenye karatasi. Jumanne kwa fulani, Alhamisi kwa fulani. Na kwenye kisanduku kiingie kidogo cha maziwa.

Na wewe mama mwenye mvulana aliyeoa, jambo hili linakuhusu hata zaidi. Mkaza mwana wako akikuletea barua, usiulize lile swali. Mimi najua linavyokuja haraka mdomoni. Likifika, limeze, halafu vuta kiti, lete karatasi na kalamu.

Miaka 15 ijayo majina ya komite yatasomwa tena kwenye redio. Mimi nitakuwa mzee, kama Mungu akipenda. Sijui kama jina la binti yangu litakuwamo. Kuna siasa, kuna wenye ndugu wakubwa, kuna vita, kuna mengi. Lakini faili yake haitakuwa na barua kama yangu.

Niishie hapa, maana ameamka. Amesimama kwenye kitanda, ameshika mbao kwa mikono miwili na ananiita "mama". Kila mara ninamwambia: "Mama yuko masomoni, mimi ni nyanya." Anacheka, anarudia "mama". Nitamwonyesha picha tena, halafu tutakunywa uji.

Mungu awalinde, wamama. Tuonane Jumamosi kwenye mkutano.